Dhamana ya Maisha kwa Kisu cha Aling Pacing

Ana mbawa mbili na haruki, ana jino moja na halili; akifumba hakuna anayemjali, akifumbua kila mtu anasogea nyuma. Ni nani huyo? Mtoto yeyote wa mtaa wa Balisong, pale mjini Taal, kusini mwa Manila, angekujibu kabla hujamaliza kuuliza, maana amelala na kuamka na mlio wa nyundo zinazomfua: ni kisu cha kipepeo, chenye mipini miwili inayofunguka huku na huku na kulificha bapa katikati. Lakini Eleuterio Magsino, ambaye watu walimwita Teryo, hakuwa mtoto wa mtaa ule. Alizaliwa Lemery, ng'ambo ya mto, na kazi zote alizowahi kufanya zilikuwa za mdomo. Aliwahi kuwauzia wenye vipara maji ya kuotesha nywele, na nywele zilipokataa kuota akawauzia kofia.

Asubuhi moja Teryo alikuwa kwenye kibanda cha kahawa kando ya barabara kuu, anapuliza kikombe cha barako, kahawa kali ya huko, akimtazama kijana wa Manila aliyeshuka garini kununua kisu kwa Aling Pacing. Kijana alikuwa na miwani mikubwa na maswali makubwa kuliko miwani. Kisu kina dhamana ya muda gani? Spea zinapatikana? Pini ikilegea, anaweza kuifungua mwenyewe kwa bisibisi akaweka nyingine? Na hiki kikomeo cha kufungia mipini, kinauzwa peke yake? Aling Pacing, mjane wa mhunzi na mhunzi mwenyewe, alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Akamweleza kwamba humo hamna skrubu, pini hugongwa kwa nyundo zikakaa, na kila mpini hupigwa tupa hadi ukubaliane na bapa lake mwenyewe, kwa hiyo spea ya kisu hiki haiwezi kuingia kwenye kile. Kikilegea akirudishe, atakigonga. Kijana akashukuru kwa adabu, akarudi garini mikono mitupu.

Teryo aliisahau kahawa. Wengine waliona mteja amepotea, yeye aliona neno. Dhamana. Neno lililomleta mtu kutoka Manila na kumrudisha Manila na pesa zake mfukoni, na mtaa mzima hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akiliuza!

Sasa, huko Makati, kwa matajiri wa Manila, alikuwepo Wakili Ledesma, mtu mwenye nyumba ya vioo na ugonjwa wa vitu vya kale. Kwa kisu cha kipepeo cha zamani, chenye mipini ya pembe ya nyati iliyokwisha kuiva kwa jasho la mikono, wakili yule alikuwa tayari kutoa pesa inayoweza kumstarehesha mtu kama Teryo kwa muda mrefu. Shida ni kwamba watu wa Balisong hawauzi visu vya baba zao. Ukimwambia mzee akuuzie kisu cha marehemu baba yake, anakufungulia hicho hicho akuoneshe jinsi kinavyofunguka, nawe unakumbuka una safari.

Lakini nani kasema kununua?

Keshoye Teryo akatandika meza chini ya mwavuli, mkabala na banda la Aling Pacing, akatundika kitambaa chenye herufi nyekundu: DHAMANA YA MAISHA, SPEA ZOTE ZIPO. Masharti yalikuwa matamu kama ndizi ya kuiva. Lete kisu chochote, cha umri wowote, cha mfuaji yeyote. Kiungo chochote kikichoka unabadilishiwa, leo, kesho na siku zote za uhai wa kisu. Kile kiungo kilichochoka kinabaki ofisini. Ofisi ilikuwa ni gunia chini ya meza. Spea zenyewe zilikuwa za kiwandani, mipini ya alumini yenye matundu mengi kama kichujio, skrubu zinazong'aa na mabapa mepesi, zote kanunua kwa jumla soko la Divisoria kwa bei ya mchicha. Akaweka na ada kidogo ya kusajiliwa, kwa kuwa kitu cha bure huwatia watu wasiwasi, ila cha rahisi huwafanya wasukumane.

Hawakusukumana. Wazee walisimama mbali wakamuuliza, na akitoroka je?

Hapo Teryo akafanya jambo lililowanyamazisha. Alikuwa na pikipiki yenye kigari cha ubavuni, na mbele yake pameandikwa kwa rangi ya buluu jina la marehemu mama yake, Consolacion. Mama yule alifuta sakafu za watu Hong Kong hadi magoti yakaota sugu, ili mwanawe asikose chombo cha kumpatia riziki. Teryo alikwisha uza kila kitu chake duniani, hata godoro, lakini Consolacion hakuwahi hata kuitajia bei. Ndiyo hiyo aliyoifunga mnyororo uani kwa Kapitana Loreng, mkuu wa mtaa, akamkabidhi na ufunguo. Alisema mbele ya watu kwamba siku atakayomnyima mtu yeyote haki yake ya dhamana, mtu huyo ajichukulie pikipiki.

Wala hakuwa na hofu. Hakukusudia kumnyima mtu chochote. Kila atakayeleta cha kale atapewa kipya, na usiku Teryo alilala akijisifu kwamba huu ndio utapeli wa haki kuliko wote aliowahi kuufanya.

Basi watu wakaja. Na kama ujuavyo, mtu akisikia dawa ni rahisi huanza kuumwa. Visu vilivyokata nyama harusi tatu bila kulalamika vilionekana ghafla vina udhaifu. Mzee mmoja alionwa nyuma ya kanisa akigonga mpini mzima kwa jiwe ili upate ufa. Gunia likaanza kunenepa.

Aling Pacing ndiye aliyekuja mwisho, amebeba sahani ya suman, ule wali mnato wa kufungwa majani. Akaweka mezani kisu cha pembe nyeusi yenye vikuku vya fedha, bapa lake jeusi kama jiwe lililonyeshewa. Teryo alimeza mate, na hayakuwa ya suman.

"Cha marehemu mumeo, Mang Isko, hiki?" akauliza kwa sauti ya msibani.

Aling Pacing akatazama upande wa kanisa, akashusha pumzi, akafanya ishara ya msalaba.

"Kikomeo kimechoka, mwanangu," akasema.

Teryo akambadilishia kikomeo papo hapo. Wiki iliyofuata bibi akarudi na sahani nyingine, akilalamika kwamba tangu kikomeo kipya kiingie, pini zinacheza. Teryo akang'oa pini, akatia skrubu, na kwa ufundi wake akaziacha nusu mzunguko ili zilegee. Zikalegea. Mpini ukayumba, ukabadilishwa. Wa pili ukaonea wivu wa kwanza, nao ukabadilishwa. Mwisho bibi akaleta bapa, akisema kwa masikitiko kwamba halikubaliani tena na majirani zake. Teryo alilipokea kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Akakivisha kisu cha bibi alumini tupu toka kichwa hadi mkia, akamwambia, "Nanay, mama yangu, sasa una kisu cha kisasa."

"Mungu akulipe," Aling Pacing akajibu, "kadiri ya kazi yako."

Jioni ile ile Teryo aliviunganisha vile viungo vya kale, na vikaingiana vizuri mno. Akapanda basi hadi Makati. Kwa Wakili Ledesma alisimulia jinsi kisu kile kilivyobebwa na babu wa babu vitani, siku za kumfukuza Mhispania, na jinsi kilivyokunywa damu ya kapteni mwenye masharubu. Masharubu ndiyo yaliyompata wakili. Akalipa. Hata vile vingine gunia zima akavichukua. Teryo akarudi Taal mfuko umevimba, amebakiza jambo moja tu, kuchukua Consolacion na kutokomea.

Uani kwa Kapitana Loreng alikuta watu. Kapitana alikuwa kibarazani anatafuna karanga za sukari, na mbele yake ameketi Aling Pacing na kile kisu cha alumini, bapa limekunjika kama ulimi wa mbwa. Nyuma ya bibi palikuwa na foleni ya wazee hadi barabarani, kila mmoja na kisu cha kisasa kilichokwisha achana viungo. Bibi akaeleza kwamba bapa limekunjika likikata suman, na kwa mujibu wa dhamana anaomba jingine.

Teryo aliitazama foleni. Masanduku yake ya spea yalikuwa matupu. Akimpa huyu bapa, kesho skrubu, keshokutwa mpini, na wale nyuma yake pia, siku zote za uhai wa kisu. Na kisu kinachobadilishwa kila kiungo hakifi. Akaona mlango mmoja tu, akauingia kwa kujiamini.

"Kapitana, dhamana ni ya kisu kilichosajiliwa. Alichokisajili Aling Pacing kilikuwa cha pembe. Hiki hakina hata pini moja ya kile. Hiki ni kisu kingine kabisa."

Kapitana akaacha kutafuna. "Una hakika, Teryo? Kingine?"

"Kama mchana na usiku."

Aling Pacing akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa vizuri.

"Basi, mwanangu, nimekubali. Hiki si changu. Naomba unirudishie changu."

Nyuma, mzee mmoja akakohoa kicheko.

"Kisu changu nilikuletea kukitengeneza," bibi akaendelea taratibu. "Kama hiki ndicho, nipe bapa. Kama hiki sicho, nipe kile. Wewe ndiye mtaalamu, chagua utakalo. Mimi lolote sawa."

Teryo, mwenye mdomo uliouza kofia kwa vipara, akaanza kuhesabu nauli ya kurudi Makati. Kapitana akaweka ufunguo wa Consolacion mezani, karibu na karanga, akasema hukumu yake. Kile cha pembe kirudi kabla ya misa ya Jumapili. Kisiporudi, pikipiki ni ya Aling Pacing. Wazee wengine watagongewa mipini yao na bibi, na Teryo atalipia leo hii.

Teryo alirudi Makati siku hiyo hiyo. Sasa mwenye hamu ya kununua ana harufu yake, na mawakili wana pua. Ledesma alimsikia akimtaja bibi wa Balisong anayekidai, akamtazama akitoka jasho, akasema kisu kile amekwisha kukizoea, kutengana nacho kutamuumiza moyo. Moyo wake uliponywa na mfuko wote wa Teryo, na saa ya mkononi juu. Teryo akapanda basi la kurudi akiwa mwepesi kama siku alipozaliwa, lakini kisu kiko kwapani. Consolacion itatoka. Hilo tu ndilo alilokuwa akilihesabu sasa.

Jumapili kabla ya kengele akakiweka mikononi mwa Aling Pacing. Bibi akakirusha kikafunguka, kikafumba, akasema ndicho. Kapitana akafungua mnyororo. Teryo akaufuta usukani kwa kiganja, akalipitisha kitambaa kwenye jina la mama yake, akawa yu tayari kupiga kiki. Hapo ndipo alipomwona bibi akikitupa kile kisu ndani ya kopo la bati, pamoja na visu vibovu vya kufundishia wanafunzi.

"Aling Pacing," akasema, "cha marehemu unakitupa humo?"

"Cha marehemu?" Bibi akapeleka mkono kiunoni, akatoa kisu kingine, pembe iliyogeuka rangi ya asali, akakata kamba ya suman. "Cha marehemu hiki hapa, hakijawahi kunitoka. Kile nilikifua mimi juzi juzi, nikakichemsha kwenye mashapo ya kahawa, nikakilaza kwenye siki. Wewe ndiye uliyesema cha marehemu. Mimi nilisema kimechoka."

Teryo akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Mara gari jeusi likasimama barabarani, na Wakili Ledesma akashuka na viatu vinavyong'aa vumbini. Hakuwa amelala. Alikuwa amewaza usiku kucha kwamba ikiwa tapeli kama yule amelipa maradufu bila kubishana, basi kisu kile lazima kina thamani mara kumi. Amekuja kukinunua tena, kwa mwenyewe, bei yoyote.

Aling Pacing akaingiza mkono koponi, akakitoa kisu, akakipangusa kwa aproni, akamwekea mbele. Akataja bei kwa unyenyekevu. Kapitana Loreng aliposikia bei ile alipaliwa na karanga.

Wakili akakishika, lakini mwanasheria ni mwanasheria. Akamgeukia Teryo.

"Wewe uliyekileta kwangu kwanza. Ndicho chenyewe? Cha babu wa babu?"

Teryo aliuangalia mkono wa wakili, akaangalia jina la buluu mbele ya pikipiki. Akisema si chenyewe, atakuwa amekiri kumtapeli wakili, na wakili hatakosa kumfikisha mahakamani, na mahakama itauliza mshitakiwa anamiliki nini. Bibi alikuwa akimtazama kwa upole, amemshikia suman moja ya njiani.

"Ndicho, Wakili," Teryo akasema. "Hata yale masharubu ni ya kweli."

Pesa zikapita mkononi mwa wakili zikatua kwenye aproni ya bibi. Teryo akapokea suman yake, akapiga kiki, akaondoka polepole kuelekea mtoni. Alikuwa amesema uongo mwingi maishani, lakini huo ndio wa kwanza alioutoa bure.