"Nakwenda" ya Nuriat

Habari iliyotikisa benchi la kahawa la Ijuganyondo, Bukoba, asubuhi hiyo haikutoka redioni. Ilitoka kwenye simu ya Mwijage, fundi pikipiki. Nuriat, binti aliyemhangaikia tangu msimu wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga, hatimaye alikuwa amemwandikia neno moja tu: "Nakwenda."

"Jamani, nimependwa!" Mwijage akatangaza, akiwainulia simu waione.

"Umeachwa," Omary Mpwani akamjibu huku akipuliza kahawa. Babu yake alitoka Tanga, basi Kiswahili anakiona mali ya urithi. "Nakwenda ni naondoka. Pole, tafuta mwingine."

"Omary, Nuriat kazaliwa hapa hapa Bukoba! Kwa Kihaya, ninkwenda ni nakupenda."

"Kaandika nakwenda, siyo ninkwenda."

"Aliyezoea Kiswahili akiandika Kihaya lazima ameze herufi," akadakia Gozbert Spika, ambaye hakuna mjadala usiomhusu.

Wote wakamgeukia Rutashobya, mwalimu mstaafu wanayemwita Nshomile kwa jinsi anavyojivunia usomi. Akajikohoza.

"Waungwana, neno ni moja. Zamani mtu akipenda, anakwenda kwa anayempenda. Mababu wakagawana. Watu wa pwani wakachukua la miguu, sisi tukabaki na la moyo."

"Muongo!" Omary akaruka. "Umesoma wapi hayo?"

"Sijasoma, nimefikiri. Msomi hasomi kila kitu."

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa Mwijage. Roho ilikuwa juu juu. Kama ni kwaheri, heri aambiwe ajue moja. "Sasa nimjibu nini?"

"Mjibu hivyo hivyo," Spika akashauri. "Dawa ya moto ni moto."

Mwijage akaandika: "Nami ninkwenda sana!" Akatuma. Hata kahawa haikunyweka. Simu ikalia, akasoma kwa sauti:

"Kumbe na wewe unakwenda? Haya, wahi, Hiace ya Muleba inajaa. Nimekushikia siti. Shangazi yangu wa huko nimeshampigia, anakuchinjia kuku."

Mwijage akawatazama wenzake mmoja mmoja. "Sasa hapo nimependwa au nimeachwa?"

"Mjinga wewe!" Omary akasimama. "Shangazi mtu anashika kuku, wewe unauliza maana? Kimbia!"

Mwijage akatimua mbio na ovaroli lake la grisi, spana bado mkononi, furaha na woga vikimsukuma kwa pamoja.

"Mwijage, subiri kwanza!" Spika akapiga kelele. "Hilo 'haya' aliloandika, ni sawa, ni aibu, au ni sisi Wahaya?"

Mwijage hakugeuka. Benchi likaagiza kahawa nyingine.