Kuishusha Cortina ya Baba

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimeamua. Cortina lazima ishuke nyuma!

Jambo lenyewe liko hivi. Jumamosi dada yangu Akidor anaolewa Kakuma na mwalimu Nakuleu. Baba hayupo, kwa hiyo wa kumfikisha kanisani ni mimi, na nilimwahidi mzee kabla hajafa. Nitamfikisha kwa Cortina ya mzee mwenyewe, ya mwaka wa sitini na nne, ambayo bado inawaka vizuri ukiisukuma. Ila nyuma iko juu mno. Marehemu aliongeza vyuma kwenye springi ili abebe samaki wa Kalokol, na hadi leo gari limeinua matako kama mbuzi anayekunywa maji. Bibi harusi hawezi kushuka kwenye kitu cha namna hiyo.

Kwa kinyozi nimeona picha katika gazeti la Nairobi. Cortina kama yangu, nyuma imelala chini kabisa. Heshima tupu!

Mureithi wa duka la mabati amejitolea kumpeleka Akidor kwa pikapu yake mpya. Eti ni kusaidia tu. Msaada gani huo wa kuja kupiga honi mlangoni kwa watu? Akidor amesema ataenda na mimi, mradi tufike saa nne. Padre ana misa nyingine kambini kwa wakimbizi na hangoji mtu.

Jumanne, 6 Agosti

Fundi Ewoi hakunielewa. Nilipomweleza mara ya tatu akauliza kama nimekosana na gari. Anasema tangu aanze kazi hapa Lodwar watu humletea magari ayapandishe, sababu ya mawe na mchanga. Wa kushusha hajamwona. Nikamwambia ndiyo maana mji huu hauendelei.

Nikafanya mwenyewe. Nilijaza buti ya gari magunia ya mchanga kutoka mto Kawalase. Ikashuka! Nikaendesha polepole mtaa wetu wote wa Kanamkemer ili watu waone.

Waliona. Nilipofika nyumbani nilikuta akina mama wamekaa mlangoni na masufuria, jirani yangu Akiru mbele yao, wanauliza mahindi ya msaada yatagawiwa saa ngapi. Nikafungua buti. Akiru akautazama mchanga, akanitazama mimi, akaondoka bila kwaheri. Sasa mtaa mzima unasema nimeficha mahindi nikaweka mchanga juu. Wivu.

Alhamisi, 8 Agosti

Ewoi amebadili mawazo! Kaja mwenyewe asubuhi na spana. Kumbe chuma cha springi ndicho kinachotoa panga zuri kuliko vyote. Tukaelewana: kazi bure, vyuma vyake. Nikashusha magunia ya mchanga, nikamwambia atoe viwili kila upande, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi alikuwa amebakiza kimoja na kipande. Anasema mkono ulizoea. Lakini jamani, ilivyopendeza! Nililala chali kando ya barabara kuitazama vizuri, mpaka watu wakaja kuuliza nimegongwa na nani. Ewoi ameshauri nisibebe kizito. Nikamjibu nabeba dada yangu, si saruji. Akacheka, akaondoka mbio na vyuma kabla sijauliza zaidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Jaribio. Akidor alikaa nyuma: safi. Shangazi akaingia kando yake: tairi likagusa bodi, likalia, likatoa moshi. Shangazi amesema katika maisha yake amekataliwa na wanaume wawili, lakini na gari hajawahi. Nilimwomba kwa heshima zote aende na pikapu ya Mureithi, pamoja na masufuria, mbuzi na sukari ya chai ya harusi. Aliyonijibu siyaandiki. Mureithi atatufuata nyuma, likitokea la kutokea. Halitatokea!

Jioni Akidor aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia baba angejivuna. Akaendelea kushona shela. Nimeingiwa na hofu kidogo, lakini ni ya njaa.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku gani hii!

Tuliondoka alfajiri, Akidor na gauni lake jeupe amejaa kiti chote cha nyuma. Mwendo mzuri. Mawe yalikuwa yakigonga chini, nikaongeza sauti ya redio. Katikati ya njia, kizuizi cha polisi. Sajini mmoja mnene alisimama akaangalia nyuma ya gari kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza sukari ya magendo iko wapi.

Nikasema hakuna sukari, kuna bibi harusi. Akasema bibi harusi hana uzito wa kulaza gari hivyo. Nikaeleza kwamba ni mtindo. Akawaita wenzake waje wasikie. "Mtindo!" akawaambia. "Huyu anasema gari yake inainama kwa mtindo. Fungua hiyo buti."

Wakafungua buti. Wakatoa tairi la akiba, zulia, kiti cha nyuma. Wakagonga tangi la mafuta. Akidor alikaa juu ya kiti chake kando ya barabara, jua likipanda, shela ikijaa vumbi. Kadiri walivyokosa sukari ndivyo sajini alivyozidi kuamini kwamba nimeificha kwa ustadi.

Hapo ndipo Mureithi alipofika. Pikapu imesheheni: shangazi, masufuria, mbuzi, magunia ya sukari! Lakini springi zake zimeongezwa vyuma, imesimama wima utadhani haina kitu. Wakampungia mkono apite!

Akasimama mwenyewe. Akamwambia Akidor apande, kanisani watafika kwa wakati. Alisema kwa upole, sikupata hata pa kumchukia. Saa zilikuwa zimekwenda na padre hangoji. Nilimwambia Akidor aende. Niliona haya.

Akidor alisimama, akakung'uta gauni, akamwambia Mureithi asante. Halafu akamwambia sajini arudishe kiti pale alipokitoa, kwa maana ataolewa akitoka kwenye gari la baba yake hata likifika likitambaa. Nilitokwa na machozi mbele ya polisi. Mureithi akatangulia na shangazi, na sajini akarudisha kiti haraka. Ila alisema lazima afuatane nasi aone sukari inashushwa wapi, akaingia nyuma kando ya bibi harusi.

Njia nzima tairi lililia na kunuka. Tulipofika lagga ya Tarach, mto mkavu wa mchanga pale Kakuma, tumbo la gari likakaa mchangani na mwendo ukaisha. Kanisa tunaliona ng'ambo! Saa nne imepita!

Ghafla nikaona vijana wa kambini wanakuja mbio, halafu wanawake na makopo, halafu watoto. Kijana mrefu, Makuei, alifika wa kwanza akauliza kama ni unga au mafuta ya kupikia. Gari limelala hivi, si limeleta msaada? Sikupata nafasi ya kujibu. Waliinua Cortina, bibi harusi ndani, sajini ndani, wakaivusha mikononi hadi mlango wa kanisa.

Padre alikuwa ameshapanda pikipiki yake aende. Akaona umati unaokuja, akadhani ni waumini, akarudi kuvaa kanzu. Kanisa lilijaa hadi madirishani. Nilimshika dada yangu mkono nikamtembeza mpaka mbele, kama nilivyoahidi. Watu wote walingoja ugawaji mpaka mwisho. Wakapewa chai tamu sana ya Mureithi. Sajini alikunywa vikombe kadhaa akisema hatimaye sukari ameiona.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika haya nikiwa nyuma ya pikapu ya Mureithi, kati ya masufuria. Cortina inavutwa kwa kamba. Akidor alipoagana nami alinikumbatia, akaniomba nilipandishe gari kama lilivyokuwa. Shangazi ameniomba pia, kwa maneno mengine. Nimewaahidi nitafikiri.

Na nimefikiri njia nzima, nikiitazama Cortina uso kwa uso, kwa sababu hapa nyuma hakuna kingine cha kutazama. Kosa nimeliona! Si nyuma hata kidogo. Nyuma imekaa vizuri. Ni mbele ndiyo iko juu, ndiyo maana nyuma inaonekana imelemewa! Zikikatwa springi za mbele gari litalala sawasawa, na hakuna sajini atakayeuliza kitu.

Jumatano naenda kwa Ewoi. Na msumeno nabeba mwenyewe, asije akasema hana.