Sahani ya Meli na Magadi ya Shangazi Jikke

Jumamosi, 27 Aprili

Sikukuu ya Mfalme. Mji mzima wa Delft, hapa Uholanzi, umevaa rangi ya chungwa na kutandaza vitu vya darini barabarani kuviuza. Nimeipata! Sahani ya bluu na nyeupe, meli katikati, kitako kimejaa madoa ya kahawia. Muuzaji alisema ilikuwa ya bibi yake. Nimesomea historia ya sanaa, najua ninachokiona. Karne ya kumi na saba. Alama ya kiwanda huigwa na yeyote. Ukoko wa miaka hauigiki. Doa halidanganyi.

Jumamosi ijayo Bwana Terwindt wa nyumba ya mnada anachagua mwanagenzi mmoja tu. Kila mwombaji anapeleka kitu kimoja cha kale na kukitetea. Sijawahi kutaka kitu namna hii.

Jumatatu, 29 Aprili

Rutger naye anaomba. Tulisoma darasa moja. Anaendesha baiskeli kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Alinisimamisha darajani: Profesa, mbona unatabasamu peke yako, umeokota nini? Nikamwambia atajua Jumamosi. Akajigamba kuwa sahani yake ina alama ya kiwanda safi kabisa. Maskini. Alama.

Jumatano, 1 Mei

Tatizo ni Shangazi Jikke, ninayeishi kwake. Husugua kila kitu. Husugua ngazi ya nje hata mvua ikinyesha. Kile kigae cha zamani tunachowekea buli la chai, chenye picha ya mtoto anayeruka kamba, hukisugua mpaka nahofia mtoto atakimbia. Sahani nimeificha kabatini, ndani ya sweta.

Ijumaa, 3 Mei

Msiba. Shangazi alikwenda kufua masweta. Nimerudi nikakuta sahani kwenye kichanja cha vyombo, inang'aa kama jino jipya. Nikauliza ukoko uko wapi. Akasema ukoko gani, msomi wangu, hiyo ilikuwa chai, naijua chai nikiiona, imetoka kwa magadi na maji ya moto, wala usinishukuru. Nikamweleza kwamba ameosha karne tatu. Akauliza ni karne gani hizo zinazoogopa maji, na nije mezani, supu inapoa.

Nimetafakari. Ukoko ulitoka upesi kwa sababu ni mkongwe mno. Naipeleka.

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi alipanga kikapu mwenyewe. Chini ya sahani aliweka kigae cha buli, isitikisike.

Rutger alitangulia. Bwana Terwindt alipitisha ukucha ukingoni mwa sahani yake, akasema alama ni nzuri sana, kijana, lakini sahani kongwe hubanduka ukingoni mpaka udongo wa manjano uchungulie, na hii wewe unaizidi umri. Rutger akawa mwekundu kama ganda la jibini.

Yangu hata hakuigeuza. Aliuliza tu madoa yamekwenda wapi, maana hizi za kuigiza huuzwa zikiwa zimepakwa madoa ya chai. Nikasema shangazi yangu ameiosha. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akachungulia kikapuni, akauliza na hiki je. Nikasema hicho si kitu, ni cha buli.

Akakitoa kikapuni. Akanionyesha vitobo vya misumari pembeni, iliyoshikilia udongo mbichi ulipokatwa. Akanionyesha unene wake, na bluu iliyoiva pamoja na weupe tanurini, isiyotoka kwa brashi yoyote. Hiki ndicho kikongwe, akasema, na shangazi yako amekipima kila siku.

Nafasi ni yangu! Naanza Jumatatu, kwenye karo la kuoshea vyombo ghalani. Atakayeniletea magadi ya shangazi, alisema, ndiye ninayemhitaji. Rutger alinipa mkono, akaniita Profesa wa Magadi. Nimeendesha baiskeli nikiimba hadi nyumbani. Shangazi alinikatia kipande kikubwa cha keki, kisha akadai kigae chake, buli linaunguza meza.

Jumapili, 5 Mei

Soko la vitu vya zamani kando ya mfereji. Nimepata jagi la bluu na nyeupe! Muuzaji ni yule yule wa Sikukuu ya Mfalme. Mtu mwema, amenikumbuka. Safari hii ni la bibi yake wa upande wa pili. Kitako kina madoa mazito kuliko ya sahani, na linanukia chai kidogo, ushahidi kwamba lilitumika. Nimelificha kwenye mkoba wa baiskeli, Shangazi asikofika. Kesho namwonyesha Bwana Terwindt.

Doa halidanganyi.