Rudisheni Foleni ya Kahawa Maguu

Maguu, Mbinga

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo ya Watafiti Vijana wa Hisabati Tumizi,

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kutoka Maguu, ambako kahawa imeiva vizuri na mimi sina raha.

Nimesikia chuo chenu kimempa tuzo mpwa wangu Scholastica kwa hesabu alizofanya hapa kijijini, zilizomaliza foleni kwenye mtambo wetu wa kumenya kahawa. Kila mkulima sasa ana saa yake: anafika, anamenya, anaondoka. Mimi ni mjomba wake, namtakia mema. Ila kwa heshima zote naomba tuzo hiyo irudishwe, kwa sababu hizi:

1. Habari zote za kijiji tulikuwa tunazipata kwenye foleni. Juzi jirani yangu Sixbert amebatiza mjukuu, mimi nimekuja kujua nyama imeshaliwa.

2. Vitalis na Ignatio waligombania mpaka wa shamba kila msimu, na foleni nzima ikawaamua. Sasa hawakutani, wamepelekana baraza la kata. Hilo nalo mtafiti wenu amelipigia hesabu?

3. Hili ndilo kubwa. Kuna mama mmoja, Emerensiana, mjane, na mimi ni mgane. Msimu uliopita nilikuwa nawapisha watu, mzee mzima na ndoo zangu, ili tu nisimame nyuma yake. Tulishazungumza mvua, bei ya mbolea na samaki usipa wa Liuli. Lilibaki neno moja. Ndipo mpwa wangu akaja na kompyuta yake, akampanga Emerensiana asubuhi na mimi jioni! Ndugu Mwenyekiti, nampenda huyu mama, na sina ujasiri wa kumfuata nyumbani kwake bila kisingizio cha kahawa.

Basi Scholastica arudishe tuzo, au mumpe nyingine kubwa zaidi akipata hesabu ya kurefusha foleni.

Wasalimie wanakamati, walimu, wanafunzi, na wapishi wa chuo waliomlisha mtoto wetu.

Ni mimi mwenye zamu ya jioni,
Othmar, mjomba wa mshindi.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, Emerensiana akapiga hodi. Anasema siku hizi mchana ana nafasi, akaona aje aulize ni neno gani lilikuwa linanikwama. Nimemwambia. Amekubali! Anasema kwenye foleni asingenijibu hata tungesimama mpaka Krismasi, maana kijiji kizima kilikuwa kimetega masikio. Barua naituma hivyohivyo, nimeshaihangaikia. Tuzo mwachieni mtoto. Ila foleni ya pilau siku ya harusi asiiguse: nataka Vitalis na Ignatio wasimame pamoja.