Manyoya ya Sajini

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimeumwa! Mimi, koplo wa vita vya Burma, niliyemshika chui mkia, nimeumwa mguu na mbwa wa binamu yangu Wabwile. Mbwa mwenyewe anaitwa Sajini. Hata cheo amenipita! Nilikuwa napita tu nyuma ya nyumba yake, polepole, nisikie kama anafanya mazoezi ya hotuba. Maana Jumamosi wakwe wanatoka Kitale kuja kwetu Matulo kuzungumzia mahari ya Nekoye, binti wa marehemu ndugu yangu, na msemaji wa ukoo ni mimi. Wabwile anakitamani kiti hicho mpaka anakonda.

Mke wangu Agneta kaona damu. Ati nioshe kwa sabuni na maji mengi, kisha niende hospitali kwa sindano. Za tumbo! Nikamwambia sabuni ni ya sufuria. Nikilazwa, nani atasema Jumamosi? Nimemkataza asitoe neno.

Jumanne, 6 Machi
Dawa inajulikana tangu babu: manyoya ya mbwa yule yule aliyekuuma, unayachoma, majivu unapaka kidonda. Shida ni moja, manyoya yako juu ya mbwa. Nimeenda na mfupa na makasi ya Agneta. Sajini hakutaka mfupa. Alitaka mkono, akaupata! Lakini manyoya nimetoka nayo. Wabwile alisimama mlangoni akicheka, akauliza kama siku hizi makoplo wamekuwa vinyozi. Mshenzi! Hafungi mbwa, halafu anamcheka mgeni.

Jumatano, 7 Machi
Mguu umevimba. Nimewaambia watu nilijikwaa nikifukuza fisi wawili. Mzee Mukhisa hakuamini, nikaongeza wa tatu. Wabwile kaja na uso wa huruma. Ati pole ndugu yangu, msemaji husimama wima, basi yeye yuko tayari. Nikasimama wima mbele ya macho yake! Bahati nzuri aliondoka upesi, maana nilianguka.

Alhamisi, 8 Machi
Sajini amekufa! Jana alitokwa na mate, akauma mbuzi, akauma mti, maji yakamshinda kumeza. Leo bwana wa mifugo kaita watu wote akauliza nani ameumwa. Nikatazama mawingu. Agneta akanitaja hadharani! Msaliti! Nekoye akanivuta kando, akauosha mguu wangu na mkono kwa sabuni ya kufulia, ndoo baada ya ndoo, analia. Ati alishazika baba mmoja, wa pili hataki. Nikamsogezea ndoo nyingine mwenyewe. Mimi! Wakanitupa juu ya lori ya mahindi.

Jumamosi, 10 Machi
Hospitali, Kitale. Sindano tumboni kila siku. Daktari kanikaripia kama mtoto: ukiumwa na mbwa au paka osha papo hapo, njoo siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa kikifika kichwani hakuna wa kukurudisha. Na saa hii Wabwile amekalia kiti changu. Kwa kazi ya mbwa wake! Mimi nasema alimfundisha.

Jumanne, 20 Machi
Sindano zimekwisha. Niko hai. Daktari anajisifu ati ni dawa yake. Na majivu je? Hayakufanya kazi? Nasikia Wabwile alisema vizuri mpaka wakwe wakapiga makofi. Wakwe wa siku hizi hupigia chochote. Lakini Nekoye kaja kunichukua, kaniambia hotuba ya harusi yenyewe ameniwekea mimi, wiki ijayo, bora tu nifike mzima.

Tulipokuwa tunatoka, mlangoni tukakuta mtu anaitwa Kipketer, kaumwa kidole na paka wa jiko la hospitali, hapo nyuma. Muuguzi anamwoshea tu kwa sabuni. Sabuni! Nikamweleza dawa ya kweli. Akasema anaogopa kumrudia paka. Nekoye akanishika koti, ati baba mdogo, tafadhali, twende. Nikamwambia anishikie kofia, ni dakika moja.

Jumatano, 21 Machi
Kitanda kile kile. Sindano zimeanza upya. Nekoye amerudi Matulo bila kuniaga, na harusini atasema Wabwile.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Lakini manyoya ninayo.