Aliyezibua Ndiva

Alhamisi, 14 Aprili 1949. Myamba.

Nimefika. Lori mpaka chini ya mlima, kisha miguu, kisha karibu magoti. Mahindi njia nzima yamejikunja majani. Masika hayajaja. Kila niliyemsalimu aliitikia huku anatazama mawingu.

Nimekabidhiwa mwanangu, Eliakunda. Miaka miwili na miezi miwili. Marehemu mke wangu Ruthi alitutoka huyu mtoto akiwa wa miezi mitatu, na tangu hapo analelewa na bibi yake, Mama Dorkas, mama mzazi wa Ruthi. Mimi niko Same, naandikia watu barua na maombi ya serikalini kwenye baraza ya duka. Mwezi uliopita nikajiandikia na mimi: namtaka mwanangu. Kurasa nne! Nilitegemea wazee watetemeke. Hawakutetemeka. Mzee Manase, mzee wa kanisa, alijibu kwa mdomo tu, kupitia mtu wa sokoni: njoo Pasaka, ukae na mtoto siku nne katika nyumba ya marehemu baba yako, bila mwanamke wa kukusaidia. Jumatatu tutakaa tuamue.

Siku nne! Mtoto ni mtu mfupi tu. Nimekuja na vipande kumi na viwili vya sukari guru, suruali nyeupe ya kanisani, na ratiba ya kulea niliyoichora kwa rula. Saa mbili, uji. Saa tatu, mazungumzo.

Mtoto kaletwa na shemeji yangu Filipo, kaka wa Ruthi. Huyu Filipo ndiye msimamizi wa ndiva, lile bwawa letu la kukusanya maji ya mfereji, na tangu apewe hiyo kazi anatembea kama yeye ndiye anayenyesha mvua. Kaniambia mtoto halali mpaka ashike sikio la mtu. Nikamshukuru kwa baridi. Ushauri wa adui! Tena sikio halimo kwenye ratiba.

Ijumaa Kuu, 15 Aprili.

Hakulala. Sikulala. Alilia mpaka jogoo wakanyamaza kwa heshima. Nilimwimbia tenzi zote ninazozijua, ambazo ni mbili.

Alfajiri nikafungua mlango. Kibuyu cha uji wa moto kizingitini, kimefunikwa jani la mgomba! Hakuna mtu. Nikaelewa mara moja. Mtego wa Filipo. Nikimpa mtoto uji uliopikwa na mwanamke, nimevunja sharti, na Jumatatu atasimama aseme. Nikaumwaga wote nyuma ya zizi. Mtoto alitazama ukimwagika akalia kilio kipya, cha chini zaidi. Mimi mwenyewe tumbo lilikuwa linanguruma.

Ibadani tukaketi benchi la mbele kabisa, ili wazee waone baba na mwana. Suruali nyeupe. Mtoto pajani, na sukari guru mdomoni ili anyamaze. Alinyamaza vizuri sana. Katikati ya mateso ya Bwana nikahisi joto likisambaa mapajani. Ilibidi nisimame kwa sala. Tulipotoka nikamweleza Mzee Manase kwamba ni jasho. Akasema ni jasho jingi kwa mtu aliyekuwa ameketi.

Nikainjika makande saa sita. Saa kumi na mbili maharagwe yalikuwa bado kokoto. Mtoto amekula sukari guru vipande vitatu, na udongo kiasi ambacho sikukipima. Ametapika kwenye ratiba.

Jumamosi, 16 Aprili.

Uji tena mlangoni! Nimeumwaga tena. Filipo hana aibu.

Saa moja baragumu likalia. Msaragambo: kila nyumba itoe mtu akasafishe ndiva. Mvua ikigoma hivi, ndiva ndiyo mvua yetu. Mpango: tope litolewe leo, tundu la kutolea maji lizibwe jioni, maji yajae usiku na kesho mchana kutwa, maana Jumapili hakuna anayemwagilia. Jumatatu alfajiri ifunguliwe kwa zamu ya kwanza, nayo ni ya Mama Dorkas. Wanasema mahindi yake yakikosa maji hayo hayafiki Jumatano.

Nikaona nafasi yangu. Baba mwenye mtoto mgongoni, jembe mkononi! Nani atanishinda Jumatatu? Nikamfunga Eliakunda mgongoni kwa kanga. Wanawake waliokuwa wanabeba tope wakaketi chini kwa kicheko. Mtoto akateleza mpaka nikawa nimembeba kwa kisigino. Basi nikachukua kamba ya mbuzi, nikamfunga kiunoni, nikaifunga kamba kwenye mgomba, ili asisogelee maji. Akili, si akili? Filipo akasema mbele ya watu wote kwamba mbuzi angalau huwekewa majani.

Nikaenda kusaidia kugongomea gogo la kuzibia tundu. Limeviringishwa magome ya mgomba na udongo, na wanaume wawili wakalipiga kwa nyundo ya mti mpaka likakaza. Mikono yangu ya kalamu ikatoka malengelenge.

Jambo dogo. Nilipombeba kurudi nyumbani, mtoto alinishika sikio la kushoto akalala. Nikaketi naye kizingitini. Saa tatu nzima. Mguu ukafa ganzi, nzi wakanitembea usoni, sikuinuka. Ana pua ya Ruthi. Sijui kwa nini naandika hili, halina faida kwa Jumatatu.

Jumapili ya Pasaka, 17 Aprili.

Mikono imefungwa vitambaa. Naandika kwa vidole viwili.

Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Bwana kafufuka, makande yameiva, mtoto amekula. Baada ya ibada nikaketi kuandika hotuba yangu ya kesho. Nilifika mahali pa „mtoto umleavyo ndivyo akuavyo“ nikainua macho ili nimtazame, nipate hisia. Hayupo.

Hayumo ndani. Hayupo zizini. Nikaita. Nikaita tena. Vinyayo vyake vilikuwa vumbini, vidogo, vinashuka njia ya ndiva. Nilikimbia. Ukingoni mwa ndiva nikakuta kitambaa chake chekundu. Na maji yamejaa mpaka juu, ya rangi ya chai ya maziwa. Huoni kitu chini.

Siwezi kuogelea. Hakuna anayeweza kuogelea Myamba. Niliingia mpaka kifuani nikapapasa kwa miguu, nikashika fimbo, nikashika tope, nikapiga kelele na hakuna aliyesikia, wote walikuwa kwa watu wao wanakula sikukuu. Nikatoka nikashuka kwenye tundu. Gogo la watu wawili. Sijui nililitoaje. Najua ngozi ilibaki pale. Maji yakatoka kwa kishindo yakanibwaga, yakashuka bondeni, maji ya siku nzima, na mimi nikarudi ukingoni kuyatazama yakipungua. Yanapungua polepole mno. Nilimwambia Ruthi anisamehe. Nilisema kwa sauti. Nilimwambia Mungu achukue chochote, hata macho.

Likabaki tope. Nikaingia nikalipapasa lote kwa mikono, kona kwa kona. Hakuwemo.

Kishindo cha maji ndicho kilicholeta watu. Filipo mbele. Na nyuma ya watu, Mama Dorkas, na Eliakunda mgongoni mwake, anatafuna kiazi! Alikuwa ameshika njia ya nyumbani kwao, akapita ndiva, akadondosha kitambaa, akafika kwa bibi yake tangu saa saba, akala, akalala. Nikaketi kwenye tope.

Watu walikuwa wanatazama ndiva tupu. Mama mmoja akaanza kulia taratibu. Ndipo Filipo akauliza nani kazibua.

Akili ilinirudia kwa kasi. Nikisema nilimtafuta mtoto, nimekiri kwamba nilimpoteza. Nikikiri nilimpoteza, kesho sipewi. Nani sasa anaweza kuzibua ndiva asiadhibiwe? Mdomo ukajibu wenyewe. Nikasema: mtoto. Ni Eliakunda aliyezibua. Nilikuwa naye muda wote, nimemwona kwa macho yangu.

Wakamtazama Eliakunda. Akaendelea na kiazi.

Jumatatu ya Pasaka, 18 Aprili.

Baraza uani kwa Mzee Manase. Nilikuja na hotuba, japo imelowa. Nikawaamkia wote shikamoo, mmoja mmoja. Wakaitikia marahaba, lakini kama watu msibani.

Nitaeleza kwa haki jinsi nilivyojitetea, maana sijawahi kujitetea vizuri hivyo.

Mzee Manase akaniuliza kwa upole kwa nini jana nguo zangu zilikuwa zimelowa mpaka kifuani. Nikasema nilikuwa natafuta kalamu yangu. Akauliza kalamu ilifikaje ndani ya ndiva. Nikasema upepo. Akauliza mikono yangu imechunika kwa nini. Nikasema kuandika. Filipo akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini Mzee Manase akamnyamazisha! Nikaona baraza linaniegemea.

Kisha Mama Dorkas akasimama. Mtoto kalala begani kwake, kamshika sikio. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia mashaka. Akanisogelea karibu, akasema taratibu, „Gideoni, mwanangu. Jana ulidhani mtoto amezama?“

Hata Filipo alikuwa anaangalia chini. Wote wananingoja.

Ah! Mtego uliofukiwa vizuri kuliko yote! Nikisema ndiyo, nimekwisha. Machozi yakataka kutoka kwa kukumbuka lile tope. Nikayameza. Nikanyoosha shingo, nikajibu kwa sauti ya serikali kwamba hapana, sikudhani hata kidogo, mtoto hajawahi kutoka machoni pangu, naye ndiye aliyelitoa gogo.

Mama Dorkas akarudi kuketi kama mtu aliyetua mzigo mahali asipotaka. Akawaambia wazee kwamba yeye ni mzee, kifua chake si kizima, na alikuja hapa na nia ya kunipa mtoto. Baba asiyejua kupika atafundishwa, alisema, ndiyo maana alikuwa anaacha uji mlangoni mwangu alfajiri kabla watu hawajaamka, ili nisiaibike. Na baba aliyempoteza mtoto akamwaga maji ya kijiji kizima kwa kumtafuta, huyo yeye angemsamehe, hata kama maji yenyewe ni ya zamu yake. Lakini mtu anayemtwika mtoto wa miaka miwili kosa lake, huyo atamtwika mangapi akikua?

Wazee wakaamua. Mtoto abaki kwa bibi yake. Mimi niruhusiwe kuja kumtazama Krismasi, mchana.

Nikatolewa kwenda kuziba tundu pamoja na Filipo. Tulipiga gogo mpaka likakaza. Mwisho akaniambia alitamani niseme ndiyo. Nikamwambia sinaswi kirahisi hivyo. Akaacha nyundo pale akaondoka.

Nilipita shamba la Mama Dorkas nikishuka. Mahindi yamelala upande mmoja. Yeye alikuwa katikati anayakata kwa ajili ya ng'ombe, mtoto ameketi pembeni. Nilipunga mkono. Mtoto alinitazama mkono ule wenye vitambaa, hakupunga.

Jumatano, 20 Aprili. Same.

Joto. Vumbi. Hapa pia hakuna mvua. Nimekaa siku mbili nikifikiri kwa makini nilikosea wapi, na sasa nimepata.

Nilikosea kusema mtoto. Ningesema mbuzi.

Mbuzi wa Filipo, tena. Mbuzi ana nguvu, ana pembe, na mwenyewe ndiye msimamizi wa ndiva! Nashangaa sikuliona mapema. Nimekwisha anza maombi kwa Bwana Shauri, mkubwa wa serikali wilayani, karatasi ndefu, wino mpya. Mimi mtumishi wako mnyenyekevu. Kwanza, kwamba ndiva ilizibuliwa na mbuzi tajwa. Pili, na hili ndilo litakalowamaliza, kwamba yule mama, kwa kukiri kwake mwenyewe mbele ya mashahidi, alivunja sharti la baraza kwa kuleta uji mlangoni pangu alfajiri mbili. Alikiri mwenyewe! Watu wengine hawajui kunyamaza.

Tatu, vielelezo. Mfukoni mwa ile suruali nyeupe nimekuta kipande cha mwisho cha sukari guru. Kimeng'atwa pembeni. Meno manne ya juu, yanaonekana moja moja. Nimekifunga kwenye karatasi nikaandika juu yake Kielelezo A, lakini bado sijui kinathibitisha nini. Sisimizi wamekifuata mara tatu tangu asubuhi. Nimekihamisha kutoka mezani kwenda dirishani, kutoka dirishani kwenda kwenye kofia, na sasa nimekishika mkononi. Naandika kwa mkono mmoja, na wateja wawili wamengoja wakaondoka.

Sikio la kushoto lina baridi. Nadhani ni homa ya yale maji. Nitaiongeza kwenye maombi kama hasara, namba nne.