Msivunje Sakafu: Vidole vya Mniko Vimelala Kiwandani

Kwa Ndugu Renatus, mchoraji wa mji,
Mradi wa Kiwanja cha Nondo,
Musoma.

Mwanangu Renatus, shikamoo yako nimeipokea ingawa hujaituma. Marahaba.

Mimi ni Nyangi, mjane wa Mniko, yule mama wa dagaa uliyemwambia juzi kwenye mkutano kwamba muda wa maswali umeisha. Yangu yalikuwa hayajaanza. Naongea, katekista Eliud anaandika. Nimemwambia asinipunguzie maneno, maana hata mahubiri yeye hapunguzagi.

Karatasi uliyotugawia tumeisoma. Kile kiwanda cha nondo kilichokufa mnataka kukifanya bustani. Sijakataa bustani. Hata Adamu alipewaga, na yaliyompata unayajua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Sakafu. Mnasema mtaivunja. Ile sakafu ya zege sisi wanawake sita tunaanikaga dagaa pale tangu tanuru lizimwe. Asubuhi unamwaga, jioni wamekauka, mchanga hata chembe hakuna. Ukianika ufukweni, mteja wa kutoka Bunda anatafuna mmoja, anatema, anarudi na gunia lake tupu. Mkivunja sakafu, sisi tumekwisha. Hilo ndilo neno lenyewe. Mengine ni ya kulisaidia.

2. Nyasi. Mtaleta nyasi kutoka mbali, ng'ombe asile, mtu asikanyage. Sasa zinaota kwa ajili ya nani? Halafu mnachimba kadimbwi ili watu watazame maji. Renatus, geuza shingo. Ziwa lote lile hujaliona?

3. Tanuru mtalipaka rangi liwe kumbukumbu. Mimi nimepikia wafanyakazi uji pale miaka kumi na tisa, na kutu ninayo. Mbona sijapakwa?

4. Hapa ndipo pazito. Mume wangu aliacha vidole viwili kwenye mashine ya kukatia nondo. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi kama ganda la ndizi. Tulivizika nyuma ya tanuru. Wazee walitoka kijijini kwetu Buswahili, mbuzi akachinjwa, pombe ikanywewa mpaka mlinzi akasahau geti. Basi pale ni makaburi. Mawili. Wewe kwenye karatasi yako umeandika mabenchi. Bibi harusi akae juu ya kidole cha mume wangu apige picha?

5. Tena Mniko mwenyewe tulimzika Buswahili. Kwa hiyo marehemu ameanzia huku, ameishia kule. Nimemuuliza Eliud, mtu akilala, katikati yake si bado ni yeye? Basi kuanzia kiwandani mpaka Buswahili lote ni kaburi moja, na barabara ya lami imempita tumboni. Barabara sijaidai, nimewahurumia abiria. Nadai sakafu tu.

6. Mkitaka kuvihamisha vidole, leteni dume jeusi la mbuzi lisilo na doa, na wewe mwenyewe uvibebe mkononi, bila viatu, mpaka Buswahili. Njiani usimsalimie mtu.

Msalimie mama yako, mwambie alizaa vizuri ila shule ilimzidi mtoto kidogo. Wasalimie wachoraji wenzako wote, na yule binti aliyetupa soda ya moto kama uji. Hapo kwenye soda Eliud alitaka kuruka, nimemkatalia.

Ni mimi mama yako,
Nyangi wa Mniko
(nimeweka dole gumba, vya kwangu bado vyote kumi)

Nyongeza: Subiri. Eliud alikuwa anataka kufunga bahasha, akaigeuza karatasi yako, kumbe na mgongoni imeandikwa. Sisi tulisoma upande mmoja. Anasema huko nyuma kuna chanja thelathini za kuanikia dagaa, zenye paa la kuzuia mvua, na wa kwanza kupewa ni wanawake wa sakafuni. Chanja! Zenye paa! Mwanangu, vunja. Vunja hata kesho. Vidole visikuzuie, na hilo dume usilete. Kusema kweli, wazee walipokuwa wanakunywa, mbwa wa mlinzi alivifukua akala vyote viwili. Nilimwona. Nilinyamaza tu nisiwaharibie pombe.